Kikombe Chenye Alama

Ufunguo haukuingia. Mama Vikombe aliujaribu mara ya pili, akaupangusa kwa upindo wa nguo yake, akaujaribu tena polepole kama mtu anayemwamsha mgonjwa, kisha akainama kulitazama kufuli. Lilikuwa jipya. Ufunguo alioutundika shingoni kwa uzi kwa miaka kumi na tisa, ambao hakuuvua hata siku alipolazwa, ulikuwa sasa ufunguo wa kufuli lisilokuwapo.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, saa yake. Nyuma ya mlango ule, katika kabati la mbao, vilipangwa vikombe mia mbili na kumi na viwili vya kioo, vidogo kiasi cha kuchukua funda moja tu la divai ya Meza ya Bwana. Kila mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyeviosha, akavikausha na kuvipanga katika sinia. Kwa kazi hiyo kanisa zima lilimpa jina, na jina hilo likafuta mengine yote. Hata watoto wa shule ya Jumapili hawakujua kwamba aliwahi kuitwa vinginevyo.

Alikuwa hajavigusa kwa miezi minane, ndiyo maana alikuja juma zima kabla ya Jumapili ya Meza. Miwili alikohoa, na kila mtu akaita mafua. Sita alimeza vidonge vya kifua kikuu, bila kuruka hata siku moja. Sasa alikuwa na karatasi ya kliniki, yenye mhuri, ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Karatasi ilisema amepona.

Mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama alimkuta hapo mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu, nadhifu, mwenye sauti laini iliyomfanya mtu ajione amekosa kabla hajashtakiwa. Alisimama hatua nne mbali, akatazama majani ya mti yanaelekea wapi, akahamia upande ule upepo ulikotoka.

"Mama Vikombe wetu," alisema. "Mungu ni mwema. Mbona hukututumia habari kwamba unakuja?"

Mama Vikombe alimjibu kwamba hakujua kama mtu hutuma habari aendapo kwenye kazi yake. Mwenyekiti alicheka kidogo, kisha akamwita Mchungaji kutoka ofisini. Mchungaji alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa namna ile isiyomsaidia mtu. Aliipokea karatasi kwa ncha za vidole viwili, akaisoma kwa mbali, akasifu mhuri wake.

"Sisi tunaiamini, mama," alisema. "Lakini washirika ni washirika. Mmoja akinong'ona, kumi husikia."

Mwenyekiti akaeleza, kwa maneno mengi ya upendo, kwamba mama ametumika vya kutosha, kwamba sasa apumzike, na kwamba heshima haitatoka nyumbani kwake: kazi ya vikombe atapewa binti yake. Kisha akafungua mkoba wake, akaunyoosha mbele, mdomo wazi.

"Na huo ufunguo wa zamani tuachie, usije ukakuchanganya. Udondoshe tu humu."

Mama Vikombe aliuvua uzi shingoni, akaudondosha. Mwenyekiti alifunga mkoba bila kugusa kitu. Mchungaji, ambaye alikwisha kurudisha ile karatasi, alikuwa akijipangusa vidole kwenye kanzu yake, naye hakujua kwamba anafanya hivyo.

*

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele ya pazia, karibu na mlango, mumewe alishona viatu. Watu walimwita Fundi. Kanisani hakukanyaga tangu mwaka ule mzee mmoja wa kanisa alipomsimamisha mlangoni na kumnong'oneza kwamba harufu ya gundi inawasumbua wenzake, labda aketi nje mpaka ipungue. Fundi aliketi nje, akangoja, kisha akaenda nyumbani. "Bado inapungua," ndivyo alivyojibu kila alipoulizwa kwa nini haji.

Alikuwa na desturi yake moja. Kila asubuhi mkewe alipokunywa chai, Fundi alinyoosha mkono bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu, akauliza, "Umeniachia?" Mkewe humwachia mafunda mawili, naye huyamaliza katika kikombe kilekile. Majuma ya kwanza ya ugonjwa mkewe alikataa. Fundi alifunga safari mwenyewe mpaka kliniki kumwuliza muuguzi, akaelezwa kwamba ugonjwa huu husafiri kwa pumzi ya mwenye kukohoa, haupandi kikombe, na kwamba baada ya wiki chache za dawa hata pumzi haina neno. Akarudi, akanyoosha mkono.

Siku ile mkewe alipomsimulia habari za kufuli, Fundi aligonga misumari mitatu kabla ya kusema.

"Wamekufungia sufuria wakakwambia usile sana."

"Wamempa mtoto. Si kitu kibaya."

"Na wewe wamekupa nini?"

 Binti yao, aliyekuwa na miaka ishirini na kazi katika saluni ya mtaa wa pili, alisema hataki. Mama yake alimwambia kwamba kazi ile haikataliwi. Akatoa glasi tatu za nyumbani, akaweka mabeseni matatu kwenye kizingiti, akaanza kumfundisha.

Maji ya kwanza ni ya moto yenye sabuni, alisema, ya pili ya vuguvugu, ya tatu ya baridi. Kikombe hakikung'utwi, huachwa kichuruzike chenyewe. Kisha kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kisha dirishani. "Ukikiinua na ukauona mti wa nje bila doa, kiweke. Ukiona doa, rudi majini. Usiseme hili dogo."

"Na vyote mia mbili hivyo, mama? Mgongo je?"

"Mgongo utasahau. Saa tisa jua huingia kwa lile dirisha dogo, likavipiga vyote kwa pamoja." Alikuwa ameishika glasi mkononi na hakuikausha. "Mimi sina cheo, mwanangu. Sikusoma, sijui kuhutubu, kwaya walinikataa. Lakini hakuna mdomo kanisani mle, wa tajiri wala wa mfagiaji, usiopita katika mikono hii. Nikiwa pale huwa sina shida yoyote. Hata nikiwa ninayo, huwa sinayo."

Fundi aliacha kugonga, akasikiliza. Binti alichukua ile glasi, akaiinua mlangoni. Palikuwa na doa. Akarudi majini.

*

Siku nne kabla ya Jumapili ya Meza, Mwenyekiti aliingia saluni kutengenezwa kucha. Alikuwa hajawahi kufika pale. Alikaa kwenye kiti cha binti, akampa mkono wa kushoto, akamsifu jinsi alivyokua na jinsi alivyo na vidole vyepesi. Wateja wengine walikuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, hawasikii.

Alisema kwamba amekuja kwa ajili ya mama. Watu wanamwogopa, alisema, na yeye usiku na mchana anawatetea. Familia mbili zimekwisha kusema kwamba mama akipokea mezani, wao hawatapokea. Baraza la wazee lilikuwa karibu kumwomba akae nyumbani kwa mwaka mmoja. Yeye ndiye aliyewazuia, kwa kuwatafutia njia.

"Njia gani?" binti aliuliza.

"Kikombe kimoja kiwe chake. Basi. Kitiwe nukta chini ya kitako, ndogo, mahali ambapo hata mwenyewe hataona. Mzee mwenye sinia ataligeuza ili kimwelekee yeye. Watu watatulia, na mama yako atapokea kama wengine wote."

Binti alipaka ukucha wa kidole cha shahada, akasema kwamba muuguzi amekwisha kueleza, ugonjwa haupandi kikombe.

"Mimi najua, mwanangu. Na wewe unajua. Lakini unataka mama yako awe na haki, au awe na nafasi?" Akakaza macho kwenye kioo. "Akae nyumbani mwaka mzima? Mama Vikombe? Atakufa kwa hilo, si kwa kifua."

Hapo alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana neno lake lilipita. Binti alimaliza kucha kumi. Mwenyekiti alipoondoka aliigusa chupa ya rangi nyekundu kwa ukucha wake mpya, akasema kwamba hata hii itafaa.

Jumamosi saa nane binti alifungua kufuli jipya, akaosha vikombe mia mbili na kumi na viwili kwa maji matatu, kama alivyofundishwa. Saa tisa jua likaingia. Aliviona vikiwaka, akaelewa kile ambacho mama yake alikisema. Kisha akachukua kimoja, akakipindua, akatia nukta nyekundu chini yake, akakipulizia mpaka kikakauka.

*

Jumapili Mama Vikombe alivaa nguo yake nyeupe. Benchi la tatu upande wa dirisha lilikuwa lake tangu ujana. Alipoketi, waliokuwa wameketi hapo walikumbuka kwamba upande ule una jua kali, wakahama mmoja mmoja, kila mmoja akimpungia mkono na kumwambia anafurahi kumwona. Alibaki na binti yake, na mzee seremala ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na hakuona kwamba wengine wamehama.

Ibada ilikwenda vizuri. Aliimba kwa sauti yake nyembamba iliyokataliwa na kwaya, na hakukohoa hata mara moja, ijapokuwa koo lilimwasha kwa woga wa kukohoa. Mzee wa kanisa alipofika na sinia, aliligeuza kidogo, nusu ya mzunguko, kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kulishika. Kikombe kimoja kikaja mbele yake.

Mtu aliyeosha kitu kimoja kwa miaka kumi na tisa haoni kwa macho peke yake. Kidole chake kilipogusa kitako cha kikombe, kilikutana na kitu mfano wa punje ya mtama, laini, kilichosimama juu ya kioo. Vikombe vyake havikuwa na kitu kama hicho. Alijua vitano vilivyomeguka ukingoni na kimoja chenye povu ndani ya kioo. Hiki hakikuwa miongoni mwao. Alikiinua kidogo ili anywe, na katika kuinua akaona wekundu.

Alikunywa. Akarudisha kikombe mahali pake. Alipoinamisha kichwa kuomba, macho yake yaliishia chini, kwenye ndala za binti yake, na kwenye kucha kumi za miguu zilizopakwa wekundu uleule.

Hakulia. Aliomba kwa muda mrefu kuliko watu wote, mpaka wengine wakadhani kwamba ameguswa na Roho.

*

 Nyumbani Mama Vikombe alivua nguo nyeupe, akaikunja, akaketi kitandani. Fundi alikuwa amebandika soli, akaibana kwa magoti mawili.

"Hii rangi ya kucha," Mama Vikombe aliuliza, "hudumu siku ngapi?"

Binti aliyekuwa akiwasha jiko alisimama.

"Kwenye ukucha wiki mbili, mama." Kisha, kwa sababu mama yake aliendelea kungoja, akaongeza: "Kwenye kioo hudumu zaidi. Mpaka itolewe kwa dawa."

"Basi ni kazi nzuri."

Binti alianguka magotini na kusema yote: kiti cha saluni, familia mbili, mwaka mmoja wa kukaa nyumbani. Alisema alifikiri anamsaidia. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, soli ikiwa bado katikati ya magoti, na ilipotajwa ile nukta aliiachia ikabanduka. Akauliza kiatu cha Mwenyekiti ni kipi, maana alikuwa na jozi yake hapo mezani, ya kuongezwa kisigino. Mkewe alimkataza asikiguse.

"Ungeniambia," alimwambia binti yake. "Ungeniambia, mama, wanataka unywee chombo cha mbwa, ningekataa mwenyewe au ningekubali mwenyewe. Sasa nimekunywa huku wao wananitazama, wote wakijua isipokuwa mimi. Umeniosha vizuri, umenikausha, umenipanga."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Pika."

Alimsamehe kweli, kwa sababu aliamriwa kusamehe na hakuwa mtu wa kuchagua amri. Lakini kuanzia siku ile aliacha kuimba alipofua, aliacha kuimba alipofagia, na asubuhi alipokunywa chai alimaliza kikombe chote. Fundi alinyoosha mkono siku ya kwanza, na siku ya pili. Siku ya tatu hakuunyoosha.

*

Mwezi ukaisha. Jumamosi binti alikwenda kwenye vikombe, akaviosha. Saa tisa, jua lilipoingia, alitoa chupa ndogo mfukoni. Alikipindua kikombe cha kwanza, akatia nukta. Akapindua cha pili. Hakufanya haraka. Alikuwa na vidole vyepesi, kama alivyosifiwa. Alipofika cha mia mbili na kumi na mbili rangi ilikuwa imebaki kidogo. Aliipaka kucha zake za mikono, akafunga kufuli, akaenda nyumbani. Hakumwambia mtu.

Siku ya pili kanisa lilijaa. Mchungaji alihubiri juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, na akahubiri vizuri. Baada ya mkate, wazee walinyanyua masinia. Yule wa upande wa dirisha alikitafuta kikombe chenye nukta ili aligeuze sinia lake, kama alivyoagizwa. Alikiinua kimoja kidogo, akaiona. Akainua cha kando, nacho kilikuwa nayo. Akainua cha tatu, akakirudisha kama kimemchoma, akamtazama Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa ameketi benchi la kwanza, na kikombe alikuwa nacho tayari mkononi. Aliona uso wa mzee. Polepole, mbele ya watu wote, alikiinua kikombe chake juu ya macho na kuchungulia chini ya kitako.

Yale yaliyofuata hayakuchukua dakika mbili.  Benchi baada ya benchi mikono ilipanda, shingo zikapinda, macho yakatafuta chini ya kioo. Na kila aliyetafuta alipata. Wake kwa waume, wenye tai na wenye vitambaa, walikaa na divai juu ya nyuso zao kama watu wanaotazama kama mvua itanyesha. Aliyejua habari ya nukta alichungulia. Asiyejua alikunywa. Siri iliyofichwa kwa mwezi mzima ikahesabika kwa mikono iliyo juu, na mikono ilikuwa mingi.

Mama Vikombe aliiona. Aliona kwamba aliyemfulia nguo alipolazwa alikuwa amechungulia. Aliona kwamba mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa amechungulia. Akageuka kumtazama Mchungaji, kwa kuwa bado alikuwa na tumaini hilo moja, na Mchungaji alikuwa amesimama nyuma ya Meza, kikombe kikiwa juu ya paji la uso wake, jicho moja limefumbwa ili jingine lione vizuri.

Kando yake mzee seremala, ambaye hakuna aliyewahi kujisumbua kumpa siri yoyote, alikunywa funda lake, akajipangusa mdomo na kusema "Amina" kwa sauti kubwa. Katika kanisa zima ndiyo sauti pekee iliyosikika.

Vikombe vingi vilirudi kwenye masinia vikiwa vimejaa.

*

Baraza la wazee lilikutana Jumanne. Binti aliitwa, akasimamishwa mbele ya meza. Aliulizwa kama ni yeye aliyechafua vyombo vya Bwana, akasema ni yeye aliyevitia rangi. Akaulizwa kama anatubu.

"Natubu cha kwanza," alisema. "Kile kimoja. Hivi vingine bado."

Mzee mmoja alimwuliza anamaanisha nini kwa cha kwanza. Mwenyekiti akakohoa kidogo, akakumbusha kwamba shauri lililo mbele ya baraza ni la vikombe mia mbili na kumi na kimoja. Hapakuwa na shauri la kikombe kimoja. Mchungaji alitazama karatasi zake, akaona kwamba ni kweli, halikuandikwa.

Hukumu ilisomwa Jumapili iliyofuata: binti ametengwa na Meza kwa mwaka mmoja. Kila siku ya Meza atatoka nje kabla ya mkate. Pili, kwa ajili ya afya na amani ya washirika, kanisa litatumia tangu sasa vikombe vya plastiki ambavyo hutumiwa mara moja na kutupwa. Vya kioo vimeondolewa. Waliovitafuta baadaye walivikuta katika shimo la taka nyuma ya choo, vimevunjwa kwa jembe ili watoto wasivichezee.

Jumatano Mwenyekiti alituma mtu kuchukua viatu vyake. Mtu huyo alileta pia kitu kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Fundi alikifungua. Kilikuwa kikombe kimoja cha kioo, nukta nyekundu chini yake. Hapakuwa na barua. Mjumbe alisema ameambiwa tu aseme: "Hiki ni chenu."

Binti alisema ana dawa ya kuitoa ile rangi, ni pamba na matone mawili. Mama yake alikichukua kikombe, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Iache," alisema.

Akaweka mabeseni matatu. Alikiosha kwa maji ya moto, akakisuza kwa vuguvugu na baridi, akakiacha kichuruzike, akakikausha. Alikiinua mlangoni. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mti, akauona wote bila doa. Akakiweka rafuni, katikati ya glasi tatu. Fundi alimtazama, akasema kikombe kile hata kuku hakimtoshi, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma sita mkewe alicheka, kicheko kifupi kilichomshtua yeye mwenyewe.

*

Siku ya Meza ilipofika tena, Mama Vikombe aliketi na binti yake benchi la tatu. Kabla ya mkate mzee wa kanisa alisoma jina la aliyetengwa, na binti akasimama kutoka. Mama yake alisimama pia. Mzee akamwambia, kwa sauti ya kusaidia, kwamba yeye hakutajwa, anaweza kubaki.

"Najua," alisema. "Mimi nimebaki miaka kumi na tisa."

Wakatembea kati ya mabenchi mpaka mlangoni, wakaketi nje kwenye ngazi. Jua lilikuwa zuri. Ndani waliimba wimbo wa Meza, ule ambao kwa miaka yote alikuwa akiuimba peke yake Jumamosi mbele ya kabati, na bila kukusudia akaanza kuufuata, kwanza midomo tu, kisha sauti. Binti akaingia naye. Sauti zao zilipita mlangoni zikachanganyika na za ndani kwa ubeti mmoja na nusu. Kisha mzee wa kanisa akaja, akawatazama, akaufunga mlango.

Hawakuacha. Mama Vikombe alijua beti zote. Aliziimba akitazama barabara, mikono imetulia mapajani, na uso wake ulikuwa ule wa saa tisa, wakati jua likiingia kwa dirisha dogo. Ikiwa mtu angemwuliza amepungukiwa na nini, angefikiri muda mrefu, na labda angetaja vikombe.

Wakati huo Fundi alikuja kwa barabara, amevaa shati safi, chupa ya chai kwapani. Alifika kwenye ngazi, akasimama.

"Bado nanuka gundi?" aliuliza.

"Unanuka," mkewe alisema. "Keti."

Akaketi upande wa pili wake. Mfukoni alitoa kile kikombe, kilichofungwa katika kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, akakijaza chai, akampa. Ndani wimbo ulikuwa umekwisha, na kupitia mlango uliofungwa walisikia vile vikombe vya plastiki vikibonyezwa na kutupwa ndooni, kimoja baada ya kingine.

Mama Vikombe alikiinua. Kilikuwa funda moja tu, na funda moja haligawanyiki sana. Fundi alinyoosha mkono bila kumtazama.

"Umeniachia?"

Alikunywa nusu.

"Nimekuachia," alisema.